Ini Halihitaji Chai Yako ya Kuyeyusha Kitambi

Wasee wa kontenti, leo naongea na nyinyi. Mkitaka kuacha kunifuata, ni sawa tu.

Kila wiki mmoja wetu anashika pakiti mbele ya kamera, anasema eti chai hii "inafungua ini" na kuyeyusha kitambi kwa siku 14. Hata mimi nimeletewa hiyo dili. Nilikataa, na sababu ni hii.

Mafuta huchomwa ndani ya mitokondria, zile tanuri ndogo za seli. Lakini asidi za mafuta zenye mnyororo mrefu haziingii hivi hivi. Kwa ini, kuna soja wa geti anaitwa CPT1A, kimeng'enya kinachozifunga kwa kanitini ndio zipitishwe ndani. Na huyo soja ana bosi. Ukishiba chapati na soda, insulini inapanda, ini linaanza kutengeneza mafuta mapya, na kitu kinaitwa malonili-KoA kinajaa. Hicho ndicho kinamwambia soja: funga! Ukikaa bila kula, kinapungua, geti linafunguka. Sasa niambieni, hapo chai yenu inaingilia wapi?

Mtasema, "Lakini watu wanapungua kilo!" Ndio, wanapungua. Nyingi ya hizo chai zina sena, na sena kazi yake ni kuendesha. Kilo zilizotoka ni maji na choo. Mafuta yako pale pale.

Na nyinyi wa tembe za kanitini, ini na figo hujitengenezea, nyama na maziwa huongeza. Kwa mtu mzima mwenye afya, kanitini si ya kukosa. Kujaza abiria stendi hakufungui geti.

Mtasema pia niliacha chuo, nitajua nini? Haya yako kwa vitabu vya baiokemia, na kitabu hakiulizi digrii.

Kuna watoto huzaliwa CPT1A yao ikiwa na hitilafu. Wakikaa njaa au wakiugua, sukari ya damu inashuka, wanaweza kupoteza fahamu, hata kufa. Hicho ndicho kitu mnachofanyia mzaha kwa sababu ya kamisheni.

Anayenunua ni dada yetu aliyeruka chakula cha mchana ndio apate pesa ya pakiti. Kama ana wasiwasi na ini lake, hiyo pesa ingemsaidia kupimwa hospitali. Kwa hivyo rudisheni pakiti, ama mseme ukweli kwa kamera: tunawauzia dawa ya kuendesha.