Mashavu Mekundu ya Wakorea na Kikombe Chetu



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Buswahili, na kila jioni wadogo zangu walikusanyika kwenye simu moja kutazama tamthilia ya Kikorea iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Bosi anawapeleka wafanyakazi wake kula nyama choma, chupa za kijani za soju zinajaa mezani, kijana anapokea kikombe kwa mikono miwili na kugeuza uso pembeni anapokunywa mbele ya mkubwa wake. Hilo mama alilipenda: "Hawa wana adabu kama watu wa zamani." Kisha binti wa hadithi anakunywa kikombe kimoja tu, mashavu yanaiva kama nyanya, na wadogo zangu wanaangua kicheko. "Huyo hawezi pombe!"

Nami nilicheka. Baadaye nikasoma kidogo, kicheko kikaniisha.

Mwili huvunja pombe kwa hatua mbili. Kwanza pombe inageuzwa kuwa asetaldehidi, ambayo ni sumu. Kisha kimeng'enya kingine huigeuza sumu hiyo kuwa kitu kisicho na madhara. Zaidi ya theluthi ya watu wa Asia Mashariki, yaani Wakorea, Wajapani na Wachina, wamerithi kimeng'enya hicho cha pili kikiwa dhaifu. Sumu inakawia mwilini, mishipa ya damu inatanuka, uso unawaka, moyo unakwenda mbio. Mtu anaweza kuwa mwekundu kabisa na wala hajalewa. Ipo hata dawa, disulfiramu, wanayopewa walevi wanaotaka kuacha: inazuia kimeng'enya hichohicho, ili anayekunywa pombe juu yake ajisikie vibaya papo hapo. Yule binti amezaliwa na kile ambacho wengine wanakipata kwa kidonge. Na akiendelea kunywa kwa sababu bosi anazidi kummiminia, hatari yake ya kupata saratani ya umio inapanda kuliko ya mwenzake ambaye uso haubadiliki. Tamthilia inalifanya jambo hilo kichekesho, au pambo la mapenzi.

Huku kwetu urithi huo ni nadra sana, na ngozi zetu hazitangazi wekundu. Basi tunatafuta dalili kwingine: ulimi, mwendo, na macho, ambayo hata Mithali sura ya 23 inayataja. Asiyeonyesha dalili yoyote tunampa sifa: "Yule mwanaume, anakunywa na hatikisiki." Hapo ndipo ninapogomba. Asiyetikisika ndiye anayeongezewa. Tanzania nayo imo katika ukanda wa Afrika ambako saratani ya umio imeenea, ingawa pombe si chanzo chake pekee.

Kinachoniuma zaidi ni yule anayekataa. Kwenye kipaimara, harusi au jubilei, ukisema "situmii" unahojiwa kama mtuhumiwa. Unaumwa? Uko kwenye dozi? Umehamia kwa walokole? Mseminari ndiye anayebanwa kuliko wote: "Na ukishakuwa Padre utaadhimishaje Misa?" Swali hilo nimeulizwa na wazee ninaowaheshimu, kikombe kikiwa tayari mkononi mwao, na kukataa kikombe cha mzee si kazi ndogo, iwe Mara au Korea.

Jibu lipo. Tarehe 24 Julai 2003, Idara ya Mafundisho ya Imani, chini ya Kardinali Ratzinger, iliwaandikia maaskofu kwamba Padre mwenye tatizo la ulevi, au ugonjwa mwingine unaomzuia kutumia pombe, anaweza kuruhusiwa na Askofu wake kuadhimisha kwa mustum, yaani maji ya zabibu ambayo kuchacha kwake kumesimamishwa. Kanisa halikumwambia akaze roho atazoea. Kama altare inamsikiliza mtu huyo, meza ya harusi inashindwaje?

Sisemi pombe ni dhambi, Kana tunaijua. Nalaumu mkono unaomimina bila kuulizwa.

Nilipokuwa naondoka, kigango kilikuwa kinaandaa harusi. Nilimwomba mwenyekiti wa jumuiya yetu sufuria ya togwa iwekwe meza ileile ya pombe, siyo kule jikoni kwa watoto. Alinitazama kidogo, akasema, "Nami nitaanza na hiyo. Tumbo langu siku hizi halitaki, ila nilikuwa naona aibu kusema."