Maji Maangavu Si Maji Safi

Mtu akisimama pwani na kuona mchanga mweupe na maji yanayong'aa, husema moyoni: «Maji haya ni safi.» Jicho lake lamdanganya. Vijidudu viletavyo maradhi ya tumbo, ya macho na ya masikio havionekani, wala si lazima vibadili rangi ya maji. Ndiyo sababu huko Ulaya maji ya bahari ambamo watu huoga hupimwa kila mwaka wakati wa joto.

Tuwaeleze jinsi kazi hiyo ifanywavyo. Mpimaji huingia baharini hata maji yafikie kina cha mita 1, akachota kwa chupa isiyo na kijidudu hata kimoja, kiasi cha sentimita 30 chini ya uso wa maji. Chupa huwekwa katika sanduku la baridi, mbali na mwanga, maana jua huua vijidudu, na kipimo kingetoa ushuhuda wa uongo.

Katika maabara hutafutwa bakteria za namna mbili, Escherichia coli na enterokoki, zikaazo matumboni mwa watu na wanyama. Zikiwa nyingi, ni ishara kwamba uchafu wa vyoo au wa mifugo umefika baharini. Kwa sheria ya Ulaya ya mwaka 2006, pwani hupewa daraja la kwanza ikiwa karibu vipimo vyake vyote, yaani 95 katika 100, havizidi Escherichia coli 250 wala enterokoki 100 katika mililita 100 za maji. Madaraja ni manne, na la mwisho ni la maji mabaya.

Lakini kipimo chafaa nini, ikiwa wakubwa waogopa jibu lake? Sheria ya kwanza ya namna hii ilitolewa mwaka 1975 na Jumuiya ya Ulaya, ambayo Uingereza ilikuwa mwanachama wake wakati ule. Serikali ya Uingereza ikataja pwani 27 tu kuwa mahali pa kuogea. Blackpool, mji uliojaa wageni kila kiangazi, haukutajwa. Pwani isiyotajwa haikuhesabiwa kuwa na kosa, na huku watoto waliendelea kucheza majini. Hata mwaka 1993 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba Uingereza imevunja sheria kwa ajili ya maji ya Blackpool na ya Southport. Waliofuta jina katika orodha hawakufuta uchafu baharini. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tena tujue jambo moja. Bakteria huoteshwa siku moja au mbili kabla ya kuhesabiwa. Basi tangazo la leo lasema habari za maji ya juzi. Mvua kubwa ikinyesha usiku, mifereji hufurika, na maji yaliyokuwa mema jana yaweza kuwa mabaya asubuhi. Mwenye busara hungoja siku mbili tatu kabla ya kuoga.

Nasi tulio na bahari kule Moanda, na maziwa ya Tanganyika na Kivu, tusingoje tangazo. Baada ya mvua kubwa, tuwazuie watoto wasioge karibu na mdomo wa mfereji, hata maji yakionekana maangavu kama kioo.