Waraka wa wazi kwa COSTECH: pini za mifupa na majeruhi wa maduara

Mkurugenzi Mkuu,
Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH),
Dar es Salaam.

YAH: UTAFITI WA UTANDO WA PINI ZA MIFUPA

Ndugu Mkurugenzi,

Januari 2017 nchi nzima ilishangilia wachimbaji 15 walipotolewa hai chini ya ardhi kule Nyarugusu, Geita. Tulishangilia kwa haki. Lakini huku kwetu, kuanzia Mgusu na Rwamgasa hadi Kakola na Mwakitolyo, wapo wanaotolewa kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimba dhahabu, bila kamera: wako hai, mguu umevunjika, mfupa umetoboa ngozi na jeraha limejaa tope.

Mguu wa namna hiyo haufungwi hogo. Daktari huusafisha, kisha huushikilia kwa vyuma vya nje, yaani pini zinazopita kwenye ngozi hadi ndani ya mfupa na kuunganishwa na fito. Mimi ni muuguzi wa wodi ya mifupa, na kuziosha pini hizo ni kazi yangu. Ngozi inayoizunguka pini huanza kuwa nyekundu, yakafuata majimaji ya njano, halafu siku moja unaigusa pini inacheza. Pini ikicheza mfupa hautulii, na usipotulia hauungi. Mgonjwa anarudi chumba cha upasuaji, nyumbani ng'ombe mwingine anauzwa.

Mwaka 1987 daktari wa mifupa wa Marekani, Anthony Gristina, aliyaeleza haya kama mbio za kugombea uso wa chuma. Seli za mwili zikiwahi kushika, chuma kinakuwa sehemu ya mwili. Wakiwahi bakteria, wanajenga hapo, na kuwang'oa kwa dawa ni kazi ngumu mno. Mchimbaji wetu anaingia kwenye mbio hizo bakteria wakiwa wameshatangulia, kwa sababu ya tope lile.

Ipo njia ya kuzisaidia seli. Chuma huwekwa kwenye chemba iliyonyonywa hewa, ukaingizwa mvuke wa kemikali kama alilamini, kisha ukapitishwa umeme wa masafa ya redio. Mvuke unageuka plazima inayong'aa, molekuli zinavunjika na kuungana upya juu ya chuma, zikaacha utando wa polima mwembamba kuliko unywele mara mamia. Utando huo una chaji chanya, na seli za mfupa zimevaa koti la hayaluroni lenye chaji hasi, basi zinavutana. Watafiti wa Rostock na Greifswald, Ujerumani, walionyesha kuwa seli za mfupa hushika na kutandaa vizuri zaidi juu ya titani yenye utando huo kuliko juu ya titani tupu.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Bakteria wengi nao wana chaji hasi. Kinachozivuta seli kwenye sahani safi ya maabara kinaweza kuwavuta na wao kwenye jeraha chafu. Swali hilo ni letu kulijibu, maana majeraha tunayo sisi, na halipaswi kusubiri mtu wa mbali alione.

Naomba Tume, kupitia mfuko wake wa sayansi na teknolojia, MTUSATE, itangaze ruzuku ya utafiti huu na kuwakutanisha madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, na wanasayansi wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Waanze maabara, kwa pini zenye utando na bakteria waliochukuliwa kwenye majeraha ya ukanda wa dhahabu. Asiwekewe mgonjwa yeyote pini hizo hadi majibu yatoke. Na utando wowote hautachukua nafasi ya maji safi na mkono wa daktari anayesafisha jeraha mapema.

Kuhusu fedha, tangu 2017 Sheria ya Madini inazitaka kampuni za madini kuandaa kila mwaka mpango wa kurudisha kwa jamii, na halmashauri kuuridhia. Tumekuwa tukiomba madarasa na zahanati, na tuendelee. Tume ikizishauri halmashauri za Geita na Shinyanga kuiingiza mifupa ya wachimbaji kwenye mipango hiyo, zitasikiliza.

Tafadhali, mada hii itajwe kwa jina kwenye tangazo lijalo la ruzuku.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Muuguzi, Kanda ya Ziwa