Mwalimu akipewa bastola, ataivaa wapi?

Kila unapozuka msiba wa risasi katika shule za Marekani, mjadala ule ule hufufuka: je, walimu wapewe silaha? Wanasiasa huzungumza juu ya haki na katiba, wazazi huzungumza kwa uchungu, nao walimu huzungumza kwa hofu. Katika kelele hizo zote kuna swali moja dogo ambalo huulizwa kwa nadra sana, nalo ni hili: mwalimu akishapewa bastola hiyo, ataivaa wapi tangu kengele ya asubuhi hadi kengele ya jioni?

Huenda msomaji akaona kwamba hilo ni swali la kumwachia fundi wa ngozi. Mimi naliona kuwa ndilo swali lenyewe. Bastola haiishi mkononi mwa mwenyewe. Huishi ndani ya ala yake, na kwa mtu wa kawaida hukaa humo siku nenda siku rudi bila kuchomolewa hata mara moja. Kwa hivyo usalama wa walio karibu na mtu huyo hutegemea zaidi ala aliyoichagua, na namna alivyoirekebisha, kuliko shabaha yake.

Kwanza tuitazame hali ilivyo. Katika jimbo la Utah, mwenye leseni ya kubeba bastola kwa siri ameruhusiwa kuingia nayo shuleni kwa zaidi ya miaka 20. Texas iliruhusu bastola za siri katika vyuo vikuu vya umma kuanzia Agosti 1, 2016. Ohio ilipitisha sheria mwaka 2022 iliyopunguza mafunzo ya lazima ya mwalimu mwenye silaha hadi saa zisizozidi 24. Tennessee nayo ikafuata mwaka 2024, ikadai mafunzo ya saa 40, na ikaamua kwamba wazazi wasijulishwe ni mwalimu yupi anayebeba silaha. Neno linalorudiwa katika sheria hizi ni siri. Bastola ifichwe chini ya shati au koti, yaani ikae karibu na ngozi ya mwalimu, saa zote za kazi.

Sasa tuyatazame yaliyotokea. Septemba 2014, profesa mmoja katika jimbo la Idaho alikuwa darasani mbele ya wanafunzi wake wakati bastola iliyokuwa mfukoni mwa suruali yake ilipofyatuka na kumjeruhi mguu. Mwezi huo huo, huko Utah, bastola ya mwalimu wa shule ya msingi ilifyatuka katika msala wa walimu. Risasi ilivunja choo, na vipande vyake vikamuumiza mguuni. Aprili 2018, katika jimbo la Florida, mwalimu mmoja aliisahau bastola yake katika msala wa umma ufuoni, na mtu mwingine akaiokota akafyatua risasi. Mwalimu huyo alikuwa wa shule ile ya Parkland ambako watu 17 walikuwa wameuawa miezi miwili tu iliyotangulia.

Hakuna hata mmoja wa watu hao aliyekuwa mhalifu. Wote walikuwa na nia ya kujilinda. Lakini msomaji makini ataona kwamba visa viwili kati ya hivyo vitatu vilitukia msalani, mahali ambapo mshipi hufunguliwa, suruali hushuka, na kilichofungwa kiunoni hukosa pa kushikilia. Kisa cha tatu kilianzia mfukoni. Darasa zima la sheria na haki halikutosha kumfundisha mtu jambo hili dogo la mahali pa kuiweka silaha.

Je, ala nzuri ni ipi? Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, kilipolazimika kuitekeleza sheria ya mwaka 2016, kilitoa masharti mawili ambayo yangefaa kukaririwa na kila mwenye leseni. La kwanza, ala ifunike kabisa kifyatulio cha bastola pamoja na kingo yote inayokizunguka, ili pasiwe na kidole, ufunguo wala kalamu inayoweza kukigusa. La pili, ala iikamate bastola barabara kiasi kwamba mvaaji akisukumwa ghafla, silaha isitoke. Ala isiyotimiza masharti hayo ni mfuko tu, hata ikiwa imeshonwa kwa ngozi ya bei ghali.

Ngozi yenyewe ina mambo yake. Ngozi mpya iliyo nene hushika vizuri na haiumizi mwili. Lakini ikizeeka na kulegea, mdomo wake hujikunja kuelekea ndani, na mkunjo huo unaweza kukibonyeza kifyatulio wakati bastola inaporudishwa alani. Ndiyo maana siku hizi wengi hupendelea plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la bastola moja mahususi. Plastiki hiyo hailegei, nayo huwa na skrubu za kukaza au kulegeza mshiko. Kasoro yake ni kwamba haina huruma kwa ubavu wa mvaaji.

Hapo ndipo suala la starehe linapoingia. Bastola ya wastani, kama vile Glock 19, ikijazwa risasi huwa na uzito wa takriban gramu 850. Ikining'inizwa kwenye mshipi mwembamba, itauvuta upande mmoja na kuyumba kila hatua. Kwa hivyo mshipi mpana na mgumu huja kabla ya ala. Kisha huja mahali: wengine huivaa kwenye nyonga, nyuma kidogo ya mfupa, na wengine mbele karibu na kitovu. Aivaaye nyongani huiinamisha mbele kidogo ili mpini usitokeze chini ya shati anapoinama. Kimo nacho hurekebishwa. Ikikaa juu mno itayumba na kuchoma mbavu, jambo linalowasumbua hasa wanawake wengi ambao kiuno chao kiko juu. Ikikaa chini mno mkono hautaushika mpini vizuri. Wako wanaobandika kabari laini nyuma ya ala, upande wa mwili, ili mpini ulale karibu na tumbo.

Mtu mwangalifu huyafanya marekebisho hayo yote huku bastola ikiwa tupu, baada ya kuikagua mara mbili kwamba haina risasi hata moja. Huipindua ala juu chini juu ya godoro na kuitikisa. Bastola ikianguka, mshiko haujatosha. Kisha huivaa nyumbani siku kadhaa ikiwa bado tupu, akaketi, akainama, akapanda ngazi, akaenda msalani. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ala usiyoishinda nayo kutwa hujui itakufinya wapi.

Nasisitiza jambo hili la starehe kwa sababu wengi hulidharau. Hudhani kwamba mtu jasiri atavumilia. Lakini mwili haudanganyiki. Kiatu kikibana, mwenyewe hukivua chini ya meza bila hata kufikiri. Kadhalika, mwalimu ambaye ala yake inamchoma ubavu tangu kipindi cha kwanza ataisogeza kidogo katika kipindi cha pili, ataulegeza mshipi wakati wa mapumziko, na kufikia alasiri ataivua pamoja na bastola yake na kuiweka katika droo ya meza. Droo hiyo imo darasani, na darasa limejaa watoto wenye macho makali na vidole vyepesi. Ndiyo kusema, ala isiyostarehesha ni ala isiyo salama, hata ikiwa inashika kama gundi.

Sasa tumweke mwalimu huyo kazini. Yeyote aliyewahi kushika chaki anajua kwamba kazi hii haina mkao mmoja. Mwalimu hunyosha mkono kuandika juu ya ubao, na shati lake hupanda. Huinama juu ya dawati kusahihisha hesabu, na mgongo wake humwelekea mtoto wa nyuma. Huchuchumaa kumfunga kamba za viatu mtoto wa darasa la kwanza. Hukumbatiwa kiunoni bila kutarajia. Huingia kati ya wavulana wawili wanaopigana na kuwatenganisha kwa mwili wake. Ala iliyorekebishwa kwa mtu anayesimama humchoma aketipo, na iliyorekebishwa kwa anayeketi hujitokeza ainamapo. Ipo ala inayomfaa mwenye duka anayekaa nyuma ya kaunta yake. Inayomfaa mwalimu katika mikao hiyo yote, kutwa nzima, katikati ya watoto 40, bado sijaiona.

Watetezi wa silaha watanijibu kwamba polisi hubeba bastola kutwa na hawalalamiki. Hoja hiyo ina uzito, nami nitaipima kwa haki. Askari mwenye sare huivaa bastola yake nje ya nguo, katika ala kubwa yenye kifungo kinachohitaji hatua moja au zaidi kabla ya silaha kutoka. Mshipi wake umetengenezwa kwa kazi hiyo. Amefunzwa kwa miezi, wala hafundishi kuhesabu huku amezungukwa na watoto wanaomvuta shati. Mwalimu ameambiwa afiche, na anayeficha hulazimika kuchagua ala ndogo na nyembamba, ambayo mara nyingi haina kifungo cha namna hiyo. Siri anayodaiwa ndiyo inayomnyang'anya kinga aliyopewa askari.

Kwa nini mambo haya ya Marekani yatuhusu sisi Wakenya? Yanatuhusu kwa kuwa nasi tuna makaburi yetu. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wakiwa wanafunzi. Walimu wamewahi kuuawa kaskazini mwa nchi, na kunako maeneo ya wizi wa mifugo kuna shule zilizowahi kufungwa kwa sababu ya milio ya bunduki. Mtu aliyezika mwanawe ana haki ya kuuliza kwa nini mwalimu hakuwa na cha kujitetea. Sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, humruhusu raia kumiliki bastola kwa leseni, na leseni hiyo haibagui kazi ya mtu. Swali hili basi linaweza kubisha hodi mlangoni kwetu siku yoyote.

Litakapobisha, msimamo wangu ni huu. Raia aliyepewa leseni kihalali ana wajibu wa kununua ala iliyo bora kwanza, kabla hajaitoa bastola nyumbani, na kuirekebisha mpaka mwili wake uisahau huku akili yake ikiikumbuka. Asiyeweza kugharimia ala na mshipi madhubuti hana budi kuiacha silaha kabatini chini ya kufuli. Lakini mwalimu anapoingia darasani, bastola ibaki nje ya darasa hilo, kwa sababu kazi yake humdai mwili mzima, na mwili huo hauna nafasi ya chuma kilichofichwa. Ulinzi wa shule ukabidhiwe wale waliofunzwa na kuvaa sare kwa ajili hiyo, na serikali iwalipe ipasavyo.

Nawaomba wanafunzi mtakaolijadili jambo hili katika midahalo yenu mwanze pale nilipoanza mimi. Mpinzani wako akisimama na kutangaza kwa sauti kuu kwamba kila mwalimu apewe bastola, msikilize kwa adabu mpaka amalize. Kisha mwombe akuonyeshe, juu ya mwili wake mwenyewe, mahali atakapoivaa huku akiandika ubaoni, akiinama juu ya dawati na kumkumbatia mtoto anayelia.