Nani Analitamani Koti la Daktari?

Mwandishi aliyedai gazetini kwamba wauguzi wanaopigania kutambuliwa kama watabibu wanalitamani tu koti la daktari, sijui mara ya mwisho alikanyaga lini zahanati ya kijijini. Aje pande za Kiogoro. Mtoto akichemka kwa homa, anayempima malaria, anayepanga dozi na anayeamua kama akimbizwe hospitali ya rufaa mjini Kisii mara nyingi ni muuguzi, ambaye mchana huohuo atazalisha, atachanja na kujaza madaftari ya wizara. Wagonjwa humwita daktari. Hakuwaomba.

Eti tiba inahitaji mafunzo. Naam! Ndilo dai la wauguzi: wasomeshwe zaidi, wapimwe na Baraza la Wauguzi, kisha sheria ikiri wanachokifanya tayari. Hata maafisa wa kliniki si madaktari, lakini wanatibu, na wana sheria na baraza lao.

Mwaka 2017 wauguzi wa Kenya waligoma kuanzia Juni 5 hadi Novemba 2. Madaktari walikwisha kurudi kazini tangu Machi, lakini wodi nyingi za umma zilibaki tupu. Sasa mwandishi huyo atuambie: kama wauguzi ni wasaidizi tu, ni wasaidizi wa nani?