Tutafute Chanzo cha Kosa: Funzo kutoka kwa Fundi wa Foklifti

Katika maghala na viwanda vingi hutumika foklifti ziendeshwazo kwa betri. Betri hutoa umeme wa mkondo mnyoofu, mara nyingi wa volti 48, ilhali mota nyingi za siku hizi huhitaji mkondo geu. Kifaa kinachobadili umeme huo na kuongoza mwendo wa mota huitwa inveta. Pengine inveta huungua, ikawekwa mpya, na baada ya majuma machache hiyo mpya nayo ikaungua. Fundi mwenye pupa hulaumu kifaa na kuagiza cha tatu. Fundi hodari hutambua ya kuwa, vifaa viwili vikifa mahali pale pale, yamkini muuaji yuko nje yake.

Fundi huyo hutenga betri, kisha huhakikisha kwa mita kwamba kapasita hazina umeme, maana huweza kuuhifadhi hata betri ikiisha kutengwa. Ndipo huanza kuuliza. Je, hitilafu hutokea mtambo ukipanda mteremko na mzigo, au hata ukiwa mtupu? Je, maungio ya nyaya yamelegea yakapata joto? Je, hami ya nyaya za mota imechakaa, umeme ukavujia kwenye bodi? Je, bamba la kupozea limezibwa na vumbi? Hupima jambo moja moja na kuandika aonacho. Hapo tu ndipo huweka inveta mpya.

Twaileta habari hii kwa walimu wanafunzi kwa sababu tunaamini kwamba kusahihisha kazi za watoto ni ufundi wa namna hiyo hiyo. Tumtazame mtoto aandikaye 62 − 38 = 36, na 71 − 45 = 34. Mwalimu mwenye pupa huweka alama ya mkosi na kumpa hesabu kumi zaidi. Huko ni kubadili inveta tu: hesabu mpya zitaungua kama zile za kwanza, na mtoto atazidi kulizoea kosa lake.

Yafaa mwalimu apime. Ampe 76 − 34. Mtoto akipata 42, basi kutoa anakujua. Shida iko pale panapohitaji kukopa kutoka makumi. Kisha amwombe aeleze kwa mdomo alivyofanya. Huenda akasema kwamba daima hutoa tarakimu ndogo katika kubwa, popote ilipo. Basi chanzo kimeonekana. Mtoto huyu si mvivu. Anafuata kanuni kwa uaminifu, ila kanuni yenyewe ni mbovu. Dawa yake ni vijiti vilivyofungwa kumi kumi, afungue fungu moja kwa mikono yake na kuona 62 ikiwa makumi 5 na mamoja 12.

Watasema wengine kwamba darasa lenye watoto wengi haliruhusu uchunguzi huo. Hatukubali. Makosa ya namna moja hukusanyika katika madaftari, na mwalimu ayapangaye kwa aina zake aweza kufundisha watoto wengi kwa pamoja. Inveta iliyoungua bure ni hasara ya fedha. Mtoto aliyeitwa mjinga kabla ya kuchunguzwa huenda akaliamini jina hilo maisha yake yote.