Zima-washa si dawa

Najua niliahidi kuandika habari za kujiandaa na TP, lakini kuna jambo limenikaa kooni kwa wiki mbili sasa, ngoja nilitoe kwanza. Wale wa Fasihi na Historia msikimbie. Nitaeleza taratibu, na tena hili linawahusu nyie kuliko watu wa kompyuta.

Mnakumbuka ile Alhamisi mfumo wa kuchagua shule za TP ulipogoma? Unafungua ukurasa, kile kiduara kinazunguka weee, hakuna kinachokuja. Wengi mlilaumu mtandao wa chuo. Wengine mkasema ni njama ili shule za mjini wapewe watu fulani. Jamani, haukuwa mtandao wala njama. Na mtu aliyekuwa anauzima na kuuwasha usiku ule ni mimi.

Kwa wasiojua, mfumo ule uliandikwa kwa Java na wanafunzi waliotutangulia. Wakamaliza, wakaondoka, sisi wachache tunaosomea ualimu wa hesabu na kompyuta tukarithi kuutunza kwa kujitolea. Unakaa ndani ya Tomcat, programu ya bure inayopokea maombi ya vivinjari vyenu, inayakabidhi kwa msimbo wa Java, kisha inawarudishia ukurasa. Unatumika siku chache tu kwa mwaka, siku zilizobaki hakuna anayeukumbuka hata kwa salamu.

Mara ya kwanza uligoma Alhamisi saa kumi na moja jioni. Mwisho wa kuchagua ulikuwa Ijumaa saa kumi jioni, kwa hiyo simu yangu ilikuwa inalia kama ya dalali. Nikafanya kile ambacho kila mtu hufanya. kill -9, halafu washa. Dakika chache ukurasa ukarudi, watu wakanishukuru, nikajiona fundi kwelikweli. Ulidumu karibu saa tatu, ukafa. Nikazima, nikawasha. Safari hii ulidumu kama saa moja na robo. Nikazima, nikawasha. Dakika kumi tu, kimya tena.

Sasa angalia akili zetu zilivyofanya kazi. Mmoja akasema watu ni wengi. Mwingine akasema memori haitoshi, tukaipandisha kutoka megabaiti 512 hadi gigabaiti 2. Wapi! Mwingine akasema ni virusi (huyu nimemsamehe). Kila mtu alikuwa na dawa, hakuna hata mmoja aliyekuwa na kipimo. Ni kama zile enzi ambazo kila homa ilikuwa malaria, unapewa vidonge kabla hata ya kutobolewa kidole.

Saa nne usiku fundi wa maabara akaja kufunga mlango. Akatukuta tumekodoa macho, akauliza shida nini, tukamweleza. Akasema, "Dada, kabla hujauzima uliuchukua picha?" Nikamwuliza picha gani kaka. Akacheka kidogo, akavuta kiti. "Mmezika maiti tatu bila kupima hata moja. Subirini ife tena, msiiguse."

Tukasubiri. Haikuchukua muda, ikafa. Cha kwanza alichotuonyesha ni kwamba haikuwa imekufa. Prosesi ya Java ilikuwepo, mlango wa 8080 ulikuwa wazi, na prosesa ilikuwa karibu na sifuri. Sava iliyoelemewa na kazi ingekuwa inahema. Hii ilikuwa imetulia tuli, kama mtu aliyekaa kwenye benchi la hospitali akisubiri kuitwa jina. Swali likawa, inasubiri nini?

Hilo swali Java yenyewe inalijibu, na ndo kitu ambacho mpaka leo kinaniuma. Kuna amri inaitwa jstack. Unaipa namba ya prosesi, inakuandikia kila thredi ilipo na iko kwenye mstari gani wa msimbo. Kama huna jstack unaandika kill -3, ambayo licha ya jina lake haiui kitu, inaiambia tu Java ijieleze, na maelezo yanaandikwa kwenye faili la catalina.out. Sekunde chache. Unachukua picha mara tatu, kila baada ya sekunde kumi hivi, ili uone nani anatembea na nani kaganda. Basi. Mi nilikuwa nimetumia saa tano kubahatisha jambo ambalo mashine ilikuwa tayari kuniambia, na kila nilipopiga kill -9 nilikuwa naiziba mdomo.

Picha ikasema hivi. Tomcat kwa kawaida ina thredi 200 za kuhudumia maombi. Zichukulie kama vibarua 200, kila mmoja anashika mteja mmoja. Wote 200 walikuwa wameandikwa WAITING, wote kwenye mstari mmoja, ule wa kuazima konekisheni ya databesi.

Walimu wenzangu, fikirieni maktaba ya shule yenye vitabu nane. Ukitaka kusoma unaazima, ukimaliza unarudisha. Mfumo wetu ulikuwa hivyohivyo. Kufungua konekisheni mpya kila mara ni gharama, kwa hiyo zinawekwa chache kwenye akiba, watu wanaazimana. Ile akiba inayokuja na Tomcat, usipoigusa, ina konekisheni nane. Na usipoigusa, anayekuta zimeisha anasubiri bila kikomo. Milele na milele amina. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna kelele, ni kusubiri tu. Kibarua wa kwanza anasubiri, wa pili anasubiri, na wewe kule hosteli umechoka na kiduara unabonyeza F5, kumbe umeongeza kibarua mwingine kwenye foleni wakati yule wa kwanza hajui kama umeshaondoka. Wakifika 200, hata ukurasa wa mawasiliano, ambao hauulizi databesi kitu chochote, haufunguki. Ndo maana ilionekana kama mtandao umekatika.

Haya, vitabu viko wapi? Fundi akafungua upande wa databesi, MySQL, akaandika SHOW PROCESSLIST. Konekisheni nane zote zipo, na zote zimelala. Hakuna hata moja iliyokuwa inafanya kazi. Maana yake si kwamba swali fulani lilikuwa zito. Kuna mtu aliazima, akaondoka, hakurudisha.

Akarudi kwenye logi. Tangu nilipowasha mara ya mwisho kulikuwa na makosa manane. Manane, wadau! Na yote yalikuwa ya aina moja. Mwanafunzi amechagua shule ambayo nafasi zimejaa. Msimbo ulikuwa unaazima konekisheni, unaangalia nafasi, ukikuta zimejaa unarusha eksepisheni na kutoka mbio. Mstari wa kurudisha konekisheni ulikuwa chini yake, haufikiwi kamwe. Kila aliyechagua shule iliyojaa aliondoka na kitabu kimoja. Wa nane akafunga maktaba.

Sasa unaelewa kwa nini mfumo ulikuwa mzima wiki nzima ukaja kufa siku ya kabla ya mwisho. Mwanzoni shule hazijajaa, hakuna anayegonga ule mstari. Na unaelewa kwa nini kila nilipouwasha ulidumu muda mfupi zaidi. Shule zilikuwa zinazidi kujaa, kwa hiyo wale watu nane walikuwa wanapatikana haraka zaidi. Ule mfuatano wa saa tatu, saa moja na robo, dakika kumi, ulikuwa unatupigia kelele na hatukusikia.

Kurekebisha kulichukua kama robo saa. Tangu Java 7 ya mwaka 2011 kuna namna ya kuandika try ambayo inafunga konekisheni yenyewe hata kosa likitokea katikati. Waandishi wa mfumo walitumia ile ya zamani. Tukabadilisha mistari michache, tukaweka kikomo cha kusubiri kuwa sekunde kumi ili siku nyingine ukishindwa upige kelele, tukawasha ile mipangilio inayonyang'anya konekisheni iliyoazimwa muda mrefu na kuandika kwenye logi ni msimbo gani uliichukua. Saa saba usiku mfumo ulikuwa mzima, na haukugoma tena hadi Ijumaa saa kumi.

Najua kuna watakaosema, we dada, watu wanasubiri, huo muda wa uchunguzi unatoka wapi? Washa kwanza, uchunguze baadaye. Nimeisikia hiyo mpaka kwa wenzangu wa kikundi. Jibu langu ni kwamba hakuna baadaye. Ukishazima, ile hali imepotea, thredi zote zimefutika, unabaki na logi na kumbukumbu yako. Sikatai kuzima. Piga picha, chungulia prosesa, chungulia kama diski imejaa kwa df -h, hifadhi, halafu zima hata mara kumi. Dakika moja tu. Na ukijua unachoangalia, ile picha inakutoa kwenye ubishi wote. Thredi zikifungana zenyewe kwa zenyewe, jstack inakuandikia kabisa kwamba imekuta mkwamo. Ikiwa memori ndo imeisha, mara nyingi utakuta prosesa inawaka kwa sababu Java inahangaika kufagia. Kwetu prosesa ilikuwa imelala, na sisi tukaongeza memori. Aibu.

Kinachonikera zaidi ni wale wanaoweka sava ijizime na kujiwasha yenyewe kila usiku wa manane, halafu wanasema mfumo ni imara. Sisi tunaosoma ualimu tumeambiwa mara ngapi kuhusu mwalimu anayeingia darasani, akakuta kelele, akachapa darasa zima? Kelele zinaisha, kweli. Kesho zinarudi, maana yule mtoto ambaye daftari lake limechukuliwa bado hajarudishiwa.

Na sasa niseme kwa nini nimeandika haya yote.

Rumu meti wangu ana mtoto wa miezi kumi, analelewa na bibi yake Morogoro. Kila akipata nauli anakwenda wikiendi. Mpango wake tangu mwaka uanze ulikuwa TP afanyie Morogoro, akae na mwanae. Alhamisi ile saa kumi na moja alikuwa amejaza fomu, amebonyeza tuma, kiduara kinazunguka. Mimi chumba cha pili nikapiga kill -9. Ombi lake lilikuwa moja kati ya yale 200 kwenye foleni. Aliporudi kuingia tena, ile shule aliyoitaka ilikuwa imejaa. Akajaribu nyingine iliyojaa, na kwa kufanya hivyo, maskini, akala konekisheni moja. Jioni ile Kilosa na Mvomero bado kulikuwa na nafasi. Lakini mfumo ulikuwa unakufa na kufufuka, yeye akachoka, akasema atajaribu asubuhi. Asubuhi mkoa mzima ulikuwa umekwisha. Tuliomba ofisini wafikirie upya, tukaambiwa barua zimeshaandaliwa. Kapangiwa Tunduru.

Hajanilaumu, na hilo ndo linanimaliza. Nilipomweleza habari ya jstack alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo ungeiuliza ile saa kumi na moja, ingekujibu?" Nikasema ndiyo, ingejibu yaleyale iliyojibu saa nne usiku.

Nimeandika karatasi, nimeibandika ukutani juu ya ile sava. Ina amri tatu na maneno "PIGA PICHA KWANZA". Mtu wa mwaka wa kwanza ataikuta hata kama sisi tumeshaondoka.

Jumamosi anasafiri. Njia ya kupitia Masasi ndo fupi kwenda Tunduru, lakini yeye kachagua kuzungukia Songea ili ashuke Morogoro alale usiku mmoja na mwanae. Hivi sasa anafunga begi hapa nyuma yangu, ananiuliza kama nimeona chaja yake. Ngoja nikamsaidie kutafuta.